Nilifungua madirisha ya besimenti "hewa iingie", mkeka wa mama ukaota ukungu. Njooni tuongee unyevu wa vyumba vya chini ya ardhi

#1 Mtu wa Buguruni

Wakuu salaam.

Uzi huu nitauleta vipande vipande, naandika nikiwa mapumziko ya kazi ya usiku. Wenye haraka mnisamehe.

Niko Columbus, Ohio. Mwaka 2021 mimi na mama watoto tulinunua nyumba ya mwaka 1958. Ni ya chini, vyumba vitatu, na chini yake kuna besimenti yenye upana ule ule wa nyumba. Kwa ambao hawajaishi huku: msingi lazima uende chini kuliko pale ardhi inapoganda wakati wa baridi, la sivyo nyumba inainuliwa na barafu. Basi watu wakaona kama tumeshachimba hivyo, tuchimbe kidogo tena tupate chumba. Yangu ina ukuta wa bloku zenye matundu, sakafu ya zege, na madirisha manne madogo kama ya choo, yako juu karibu na dari.

Mwezi wa sita ukaja na harufu. Mnaijua harufu ya khanga iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa kabatini? Ndiyo hiyo, nyumba nzima. Nikafanya kile mtoto yeyote wa Buguruni angefanya: nikafungua madirisha yote, nikaweka na feni ya kusukuma hewa ya nje iingie. Wiki tatu, usiku na mchana. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jumamosi moja nikaenda kuinua mkeka wa ukili aliousuka mama, tulikuwa tumeutandika chini pale watoto wanapochezea. Ukang'ang'ania sakafu kama chapati kwenye kikaango kisicho na mafuta. Nilipoubandua, nukta nyeusi zilikuwa zimefuata mshono wa ukili mmoja mmoja, kana kwamba mtu amekaa akazipanga kwa kalamu ya wino. Viatu vyangu vya harusi vilivyokuwa kwenye boksi vimeota manyoya ya kijivu. Sakafu ukiigusa, mkono unarudi na maji. Na mvua ilikuwa haijanyesha siku tisa.

Nikaita kampuni ya mambo ya unyevu (jina silitaji). Akaja jamaa nadhifu, akazunguka dakika arobaini, akanipa bei ya dola 14,600: kubomoa sakafu pembeni mwa kuta zote, kulaza bomba, kuchimba shimo, kuweka pampu mbili. Nikisaini siku hiyo hiyo ananipunguzia dola 2,000. Mama watoto akaniuliza kwa Kiswahili, mbele yake: "Mtu anayekupunguzia milioni tano kwa dakika tano, bei yake yenyewe ni ipi?"

Sikusaini. Nitaendelea.

#2 kobe_mzee

Tiririka mkuu. Kwenye uzi wa unyevu neno hilo limepata makazi.

#3 Injinia Kokoto

Mtoa mada, kabla hujaendelea niseme kitu, maana naona watu watakuja kukushauri uongeze feni.

Chukua soda kwenye friji, iweke mezani Dar mchana. Baada ya dakika mbili chupa imelowa jasho. Maji hayo hayakutoka ndani ya chupa, yametoka hewani. Soda iliyokuwa kwenye shelfu haitoi jasho hata ukikaa nayo mwezi. Hewa ni ile ile, tofauti ni ubaridi wa chupa.

Nyumba ya Dar ni soda ya shelfu. Ukuta una joto karibu sawa na hewa ya nje, kwa hiyo ukifungua dirisha upepo unapita na unakausha. Besimenti ya Ohio mwezi wa saba ni soda ya friji. Udongo unaozunguka ukuta unaupooza, sakafu inakaa nyuzi 17 au 18 za sentigredi huku nje ni 30. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 60 inaanza kuacha maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 21 kushuka chini. Sakafu yako ina 18. Piga hesabu mwenyewe. Feni yako ilikuwa inachota maji nje na kuyamwaga ndani bila ndoo.

#4 Mtu wa Buguruni

Injinia umenimaliza. "Bila ndoo." Ndivyo ilivyokuwa, na umeme wa feni nililipa mimi.

#5 Mwana wa Nakuru

Wacha nipinge kidogo. Mimi niko Minnesota miaka kumi na moja, madirisha ya besimenti yangu hufunguliwa Aprili na hufungwa Oktoba. Sijawahi ona ukungu. Hizi hesabu za umande ni za vitabuni. Nyumba inahitaji kupumua, hata babu zetu walijua.

#6 Injinia Kokoto

Mwana wa Nakuru, babu zetu hawakuwa na besimenti. Nyumba ya babu yako ilipumua kwa sababu hapakuwa na ukuta uliozikwa.

Ila hujakosea moja kwa moja. Siku kavu za Aprili na Oktoba fungua tu, inasaidia. Na wakati wa baridi kali hewa ya nje ni kavu ajabu: hewa ya nyuzi kumi chini ya sifuri, hata ikiwa imejaa unyevu pomoni, ukiipasha ndani hadi nyuzi 20 inabaki na unyevu chini ya asilimia 15. Ndiyo maana midomo inawapasuka. Shida ni miezi ile mitatu ya joto. Nunua kipima unyevu, ni dola kumi hadi kumi na tano, kiweke chini sakafuni nyuma ya maboksi na siyo juu ya meza. Lenga chini ya asilimia 50. Ikipita 60 na kukaa hapo, ukungu una kila kitu unachohitaji, maana chakula chake ni vumbi, kadibodi na mbao, na hivyo tunavyo wote.

#7 Mwana wa Nakuru

Sawa boss. Nitanunua, nirudi hapa nikuaibishe.

#8 Mtu wa Buguruni

Naendelea. Jirani yangu ni mzee wa Kimarekani, fundi bomba mstaafu. Nikamsimulia habari ya dola 14,600. Hakucheka. Aliniambia neno moja tu: "Mvua ikinyesha, usiende chini. Toka nje ukaangalie."

Mvua ikaja Alhamisi usiku. Nikavaa koti la mvua, nikatoka na tochi. Wakuu, nilichokiona nilikuwa nimepita mbele yake miezi kadhaa bila kukiona. Gata imejaa majani ya mti wa maple, maji yanamwagika juu ya ukingo kama pazia. Kona ya kaskazini mashariki, bomba la kushushia maji limekatika futi mbili kutoka chini, linamimina pale pale kwenye msingi, na limechimba shimo ambalo ungeweza kulaza karai. Na ardhi yote ya upande ule inainamia nyumba. Mzee anasema ni kawaida: udongo uliorudishiwa baada ya kujenga hushuka polepole kwa miaka, mwisho nyumba inajikuta imekaa kwenye sahani.

Kesho yake nikapiga hesabu. Paa langu lina kama futi za mraba 1,000. Mvua ya inchi moja juu ya paa hilo ni galoni 623, karibu lita 2,360. Zigeuze kuwa madumu ya lita 20, unapata 118. Kona ile ilikuwa inapokea nusu ya maji ya upande wa nyuma wa paa, yaani robo ya yote, tuseme madumu thelathini. Fikiria unalipa vibarua waje na madumu thelathini ya maji, wayamwage moja baada ya jingine kwenye msingi wako, halafu unashuka chini kushangaa ukuta umelowa.

Wikiendi mbili za kazi. Nilisafisha gata, nikabadilisha bomba lililokatika, nikaongezea mabomba ya chini yapeleke maji futi nane kutoka ukutani. Kisha udongo wa mfinyanzi (siyo mchanga, mchanga unapitisha) nikaujaza na kuushindilia hadi ardhi ikainama kuelekea nje. Kanuni ya huku ni kushuka inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Usipandishe udongo hadi ugonge mbao za ukuta, utawakaribisha mchwa. Jumla dola 212 na mgongo.

#9 binti_kagera

Kwa hiyo tatizo likaisha? Mbona soda ya Injinia na gata yako ni hadithi mbili tofauti?

#10 Mtu wa Buguruni

Swali zuri dada, na hapo ndipo wengi tunapigwa. Zilikuwa hadithi mbili kweli. Nilikuwa na malaria na taifodi kwa pamoja, nikameza dawa ya moja nikashangaa homa haishuki.

Kipimo chake ni cha bure. Kata vipande vya nailoni inayoonyesha, kama futi moja na nusu kila upande. Kausha ukuta, bandika kipande kwa gundi ya tepu pande zote nne pasiwe na upenyo. Kingine bandika sakafuni. Acha siku mbili. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wako wewe, maji yanatoka hewani. Ukikuta nailoni kavu juu lakini nyuma yake kumelowa, maji yanapita ukutani kutoka kwenye udongo. Mimi niliweka vipande vitano. Ukuta wa magharibi, juu. Sakafu katikati, juu. Kona ile ya kaskazini mashariki, nyuma. Yule jamaa wa dola 14,600 hakubandika hata kimoja.

#11 Injinia Kokoto

Nakazia, ila tusiwaonee wenye kampuni. Kuna nyumba ambazo maji ya ardhini yenyewe yako juu. Dalili: mvua imekatika siku tatu, bado maji yanapenya pale sakafu inapokutana na ukuta, au yanabubujika kwenye ufa katikati ya sakafu. Hapo hata ukiweka gata za dhahabu hufanyi kitu, unahitaji bomba la matundu kuzunguka msingi na pampu ndani ya shimo. Na pampu iwe na betri, kwa sababu dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Nimeona besimenti iliyojaa hadi kidato cha tatu cha ngazi, pampu mpya imekaa chini ya maji, haina moto.

#12 Dada wa Silver Spring

Nashuhudia kwa machozi. Mimi niliuziwa rangi ya kuzuia maji. Ndoo nne. Nikapaka ukuta wote mweupe, nikapiga picha nikaweka status. Miezi minne baadaye rangi imevimba malengelenge, ukiyaminya yanatoa maji na unga mweupe. Ule unga nilidhani ni ukungu, nikaupiga klorini mpaka nikakohoa. Kumbe ni chumvi!

#13 Shangazi wa Unguja

Mwanangu, ungetuuliza sisi. Chumvi ya ukutani sisi tumezaliwa nayo. Maji yanapanda ndani ya ukuta yamebeba chumvi, yakifika nje yanakauka, chumvi inabaki na inasukuma. Inasukuma rangi, inasukuma plasta, hata jiwe inalimenya.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa inaacha ukuta utoe maji yake. Wakaja watu na saruji, wakapiga plasta ngumu juu ya ukuta wa zamani wakidhani wanauimarisha. Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi, plasta ikaanguka vipande vipande pamoja na ngozi ya ukuta. Rangi yako hiyo ya ndoo nne ndiyo saruji ile ile. Uliziba mdomo wa mtu anayetapika.

Ukitaka kujua ni chumvi au ukungu, nyunyizia tone la maji. Chumvi inayeyuka, ukungu unabaki umekukodolea macho.

#14 Dada wa Silver Spring

Shikamoo shangazi. "Anayetapika" nimeicheka na machozi juu.

Niongeze aibu ya pili maana nimeshavuliwa: baada ya rangi kushindwa, unyevu ulikuwa bado asilimia 70 hata katikati ya Novemba, nje pakavu. Nikaita fundi wa mtambo wa joto aangalie, akavuta mashine ya kukaushia nguo kutoka ukutani. Lile bomba lake la kutolea hewa lilikuwa limechomoka. Kila nikikausha nguo za familia ya watu sita, lita kadhaa za maji zinaingia chumbani kama mvuke. Nilikuwa najinyeshea mwenyewe.

#15 kobe_mzee

Huu uzi una watu wanaojifulia nguo na kuwanyeshea kuta mvua. Mods wasiufute.

#16 Mtu wa Buguruni

Sasa mashine. Wenyeji wanaiita dihumidifaya, mimi naiita mashine ya kukausha hewa. Ndani yake ni friji ndogo: inavuta hewa, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, hewa inatoka jasho, jasho linadondokea kwenye ndoo. Ni soda ya Injinia, safari hii imeajiriwa.

Mambo ambayo ningetaka mtu aniambie kabla sijanunua:

Uwezo wake unapimwa kwa painti kwa siku. Hadi mwaka 2019 kipimo cha Marekani kilifanywa kwenye chumba cha nyuzi 80 za Fahrenheit (kama 27 za sentigredi), kikabadilishwa kiwe nyuzi 65 (kama 18) kwa mashine za kubebeka, maana ndiyo besimenti halisi. Kwa hiyo mashine iliyokuwa ikiandikwa painti 70 leo inaandikwa 50, na ni ile ile. Ukinunua iliyotumika mtaani usidanganywe na namba ya zamani. Na kabla ya kuichomeka angalia namba yake kwenye tovuti ya CPSC, tume ya serikali yao ya usalama wa bidhaa, kwa sababu baadhi za zamani ziliwahi kurudishwa viwandani kwa kuwaka moto.

Yangu ni ya painti 50, yaani kama lita 24 kwa siku ikiwa imezidiwa. Siku ya kwanza niliimwaga ndoo mara tatu. Usitegemee ndoo, utasahau, itazima yenyewe na utaikuta imelala wiki. Funga mpira wa maji uelekee kwenye tundu la sakafuni. Mashine iiweke katikati, isibanwe ukutani. Na madirisha yafungwe! Ukiiwasha huku dirisha liko wazi unajaribu kukausha jimbo zima la Ohio. Umeme wangu ulipanda kati ya dola 25 na 30 kwa mwezi ile miezi ya joto.

Maboksi ya kadibodi nimeyatupa yote. Vitu viko kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko, juu ya paleti, zimeachana na ukuta upana wa mkono.

#17 Papa Riziki

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Iowa, tulitokea Uvira. Sisi hatuna nyumba, tumepanga, na tunalala mu besimenti: mimi, mama, na watoto watatu. Mtoto wa pili ana pumu, anakohoa kila usiku. Mwenye nyumba ameniambia niweke feni ya kutoa hewa mu dirisha na ya pili karibu na hita ya maji. Nifanye hivyo?

#18 Injinia Kokoto

Papa Riziki, tafadhali usiweke hiyo feni kwanza. Nisikilize polepole.

Hita ya maji na mtambo wa joto wa gesi, zile za zamani, zinategemea moshi wake upande wenyewe kwenye bomba. Feni inayotoa hewa kwenye chumba kilichofungwa inaifanya besimenti ivute, na hewa itaingia popote inapopata njia, pamoja na kushuka kupitia lile bomba la moshi. Moshi unarudi chumbani na kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kwa familia iliyolala hapo hapo, ni hatari kuliko ukungu wote.

Leo hii, siyo kesho, pata kengele ya kaboni monoksidi, iweke karibu na mnapolala. Kisha hita ikiwa inawaka kwa dakika kama tano, washa kijiti cha udi ukisogeze pale juu ya hita bomba linapoanzia. Moshi wa udi unatakiwa uvutwe uingie juu. Ukisukumwa nje kukujia usoni, zima hita, toa watoto nje, piga simu kwa kampuni ya gesi au zimamoto. Hata ukivutwa vizuri, kengele ibaki.

La pili, dirisha. Chumba cha kulala chini ya ardhi lazima kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea moto ukiwaka. Kanuni nyingi za huko zinataka ukingo wa chini wa dirisha usizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Madirisha kama ya choo hayatoshi.

La tatu, na hili mtoa mada hajaligusa: radoni. Ni gesi inayotoka ardhini kutokana na urani iliyomo kwenye udongo na mawe, inapenya kwenye nyufa za sakafu. Marekani inahesabiwa kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Wilaya zote 99 za Iowa ziko kwenye kundi la hatari ya juu kabisa kwenye ramani ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani. Kipimo ni cha bei ndogo, na idara za afya za majimbo mengi hukitoa kwa nafuu. Ikisoma pikokuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa au zaidi, panatakiwa kurekebishwa.

#19 Papa Riziki

Aksanti sana kaka. Nimenunua ile kengele usiku huu. Udi mama alikuwa nao. Moshi umeingia mu bomba, lakini nimemwambia mwenye nyumba feni siweki.

#20 Mtu wa Buguruni

Mungu awalinde, Papa Riziki. Mwandikie mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi, siyo kwa mdomo, na upige picha za ukungu zenye tarehe. Miji mingi ina ofisi ya ukaguzi wa nyumba za kupanga, na kuna misaada ya sheria bure kwa wapangaji. Kwa sasa watoto wasilale sakafuni, na magodoro yasigusane na ukuta wa nje.

Radoni nilipima, nikapata 6.2. Wakatoboa sakafu, wakapitisha bomba hadi juu ya paa na feni ndogo inayovuta hewa ya chini ya zege kabla haijaingia ndani. Dola 1,100, iliuma. Faida ambayo sikuitegemea: feni ile inavuta na unyevunyevu wa chini ya zege, kipima kilishuka asilimia nne.

#21 Kijana wa Igogo

Wakuu na sisi wa nyumbani tupo. Mimi niko Mwanza, nyumba imechongwa kwenye mlima. Mbele ni ghorofa, nyuma chumba cha stoo kimezikwa kwenye udongo hadi dirishani. Ukuta wa nyuma unalowa masika yote, gunia la mchele limeota. Na mimi nifunge madirisha ninunue hiyo friji ya mbavu wazi?

#22 Injinia Kokoto

Hapana Kijana, kwako dirisha ni dawa. Ukuta wako haupoi kama wa Ohio, kwa hiyo upepo unakausha. Toboa upenyo upande mmoja na wa pili unaokabiliana nao, hewa ipite badala ya kuzunguka.

Ila ugonjwa wako uko nyuma ya ukuta. Kwanza juu mlimani chimba mfereji wa kukatiza maji yaende pembeni kabla hayajafika nyumbani. Kiangazi kikija, fukua nyuma ya ukuta kipande kwa kipande, usifukue urefu wote kwa pamoja, ukuta utalala. Piga plasta ya kuzuia maji upande wa nje, weka nailoni ya DPC (ile ya kuzuia unyevu), chini laza bomba la matundu lenye mteremko, kisha jaza kokoto hadi karibu na juu. Maji yakipata kokoto yatashuka kwenye bomba, hayatahangaika na ukuta wako. Mafundi wengi hujaza udongo ule ule kwa sababu upo karibu na kokoto zinalipiwa. Simama hapo siku ya kujaza. Mchele hamishia mbele.

#23 binti_kagera

Nina swali la mwisho kwa wa Marekani. Kaka yangu yuko Ohio pia, anataka besimenti iwe sebule ya mpira. Fundi kamwambia ajenge fremu za mbao, ajaze sufi ya kioo (ya kuzuia baridi), aweke nailoni, kisha jipsamu.

#24 Mtu wa Buguruni

Amwambie fundi asubiri. Sufi ikigusana na zege la baridi inakuwa sponji, nailoni inafunga maji katikati, na jipsamu ina karatasi ambayo ni ugali kwa ukungu. Joseph Lstiburek, injinia mashuhuri wa mambo haya huku, amepiga kelele miaka mingi kuhusu nailoni ya ndani kwenye kuta za besimenti. Abandike kwanza mabamba magumu ya povu moja kwa moja kwenye zege, aunganishe viungo vyake kwa tepu, ndipo fremu ije mbele. Jipsamu isiguse sakafu, aiache juu nusu inchi. Na kabla ya hayo yote apitishe masika mawili akiangalia ukuta ukiwa mtupu. Ufa uliofichwa nyuma ya televisheni unausikia kwa pua tu.

#25 Mwana wa Nakuru

Nimerudi. Nilinunua kile kipima, nikakiweka nyuma ya maboksi kama ulivyosema.

Sitaki kusema kimesoma ngapi. Mke wangu anauliza dihumidifaya ni dola ngapi.

#26 kobe_mzee

Karibu kundini.

#27 Mtu wa Buguruni

Hahaha, pole boss.

Hali yangu ya leo kwa wanaofuatilia: mwezi wa saba huu kipima kinacheza kati ya 46 na 49. Harufu hakuna. Ile kona ya kaskazini mashariki bado inavuja ikipiga mvua ya siku tatu mfululizo, kama kijiko cha chai hivi. Nimechora kwa penseli ukutani mstari wa mahali maji yanapofika, na tarehe pembeni. Mistari iko saba, wa juu kabisa ni wa 2021, wa chini ni wa Machi mwaka huu. Mwakani nitaijaza epoksi (gundi ngumu ya kuziba nyufa).

#28 Shangazi wa Unguja

Na mkeka wa mama yako?

#29 Mtu wa Buguruni

Shangazi nilitegemea hutauliza.

Niliuosha kwa siki na maji ya moto, nikauanika juani siku nne, nikaupiga brashi. Harufu ilitoka, nukta zimebaki. Juzi mama kwenye simu ya video ananiambia nizungushe kamera auone sebuleni. Nimemwambia uko nje, nimeuanika.

Ni wiki ya tatu sasa uko nje, nimeuanika.